Anayeanza Aanze na Nyeusi



Nimeombwa nizungumze juu ya upikaji wa bia nyumbani. Mada hiyo ni pana, nami nimeibana hadi kwa mtu mmoja: anaishi hapa Uingereza, hajawahi kupika bia maishani mwake, amenunua kopo la kimea dukani na anataka atoe bia nyeusi yenye ladha nzito ya nafaka. Nina hoja moja ya kumpa. Bia nyeusi ndiyo mlango unaomfaa anayeanza, lakini mlango huo hufunguka kwa yule tu anayeilisha bia yake kimea badala ya sukari, na anayeitunza hamira katika joto inalolipenda.

Najua wamo humu ndugu zangu Waislamu, na wamo wengine walioamua kutokunywa. Nawaheshimu, na sikuja kumshawishi mtu anywe. Ila yanayotokea ndani ya lile pipa ni elimu ya vijidudu, ya joto na ya nafaka, na elimu hiyo ni ya kila mtu. Hamira inayochachusha bia hizi ni jamii moja na ile inayoumua mkate na maandazi.

Tuanze na kopo lenyewe. Kopo la kawaida lina shira ya kimea ya kilo 1.5 hadi 1.8. Chini ya kifuniko cha plastiki kuna pakiti ndogo ya hamira kavu na karatasi ya maelekezo, na mwisho wa kazi hupatikana lita 23 za bia, yaani painti 40 kwa kipimo cha huku. Wengi hulidharau. Wanasema huko si kupika, ni kukoroga. Mimi nasema aliyenunua kopo amenunua siku nyingi za kazi ya watu wengine. Shayiri imelowekwa, ikaoteshwa, ikakaushwa kwenye tanuri ikawa kimea. Kimea kikapondwa, kikachanganywa na maji ya moto ya nyuzi joto 65 hadi 68, na hapo vimeng'enya vilivyoamshwa na kule kuota vikageuza wanga kuwa sukari. Maji hayo matamu yakachujwa, yakachemshwa pamoja na maua ya hopsi yapate uchungu, kisha yakakaushwa ndani ya mitungi iliyopunguzwa hewa, ambamo maji huchemka kwa joto dogo, mpaka ikabaki shira nzito inayoweza kukaa kabatini miezi mingi. Kilichobakia kwa mnunuzi ni kuichachusha. Ndiyo kazi ndogo kwa mikono, na ndiyo kubwa kwa ladha.

Wala kimea si kitu kigeni kwetu. Wachaga hukitengeneza kwa ulezi wakakitia kwenye mbege baada ya ndizi kupikwa. Magharibi mwa Kenya kimea cha wimbi ndicho kinachogeuza wanga wa mahindi kuwa busaa. Bibi anayeotesha ulezi wake anajua wakati wa kuuanika juani: akiwahi, vimeng'enya havijatosha, akichelewa, mche umeshajilia chakula kilichokuwa kwenye punje. Mabwana wa viwanda vya shayiri wa Uingereza wanaishi kwa kanuni hiyo hiyo, tofauti ni mitambo na vipimajoto.

Sasa, weusi unatoka wapi? Hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo palipo na kisa.

London ya karne ya 18 ilikuwa mji wa pota, bia nyeusi iliyopendwa na wachukuzi wa mizigo wa mitaani na wa gatini. Pota ya mwanzo ilipikwa kwa kimea cha kahawia kilichokaushwa kwa moto wa kuni. Viwanda vilivyoipika vilikua vikawa miongoni mwa viwanda vikubwa vya zama hizo, na mapipa ya kuikomazia yalikuwa na ukubwa wa kutisha. Tarehe 17 Oktoba 1814 pipa moja la kiwanda cha Meux lilipasuka, bia ikafurika kwenye mtaa wa maskini wa St Giles, na watu wanane wakafa.

Lakini badiliko lenyewe la pota lililetwa na kifaa kidogo cha kupimia. Mwishoni mwa karne hiyo ya 18 wapika bia walianza kutumia haidromita, ambayo huelea juu zaidi kadiri maji yanavyokuwa na sukari nyingi. John Richardson wa Hull alichapisha kitabu chake juu ya matumizi yake mwaka 1784. Haidromita iliwafichulia matajiri wa viwanda jambo lililowauma mfukoni: kimea cha kahawia, walichokinunua kwa miaka mingi, kilitoa sukari kidogo sana kikilinganishwa na kimea cheupe. Wakahamia kwenye kimea cheupe. Hapo wakakwama, kwa sababu mnywaji wa London alitaka pota yake iwe nyeusi. Wakatia rangi, hasa sukari iliyounguzwa, na wengine wakatia vitu visivyosemeka. Mwaka 1816 Bunge likapiga marufuku rangi hizo, likasema bia ni kimea na hopsi. Mwaka uliofuata, 1817, Daniel Wheeler akapata hataza ya kukaanga kimea ndani ya pipa la chuma linalozungushwa juu ya moto, jinsi kahawa inavyokaangwa. Kimea hicho kilitoka cheusi, na kiasi kidogo chake kilitosha kuipa rangi pota nzima bila kuvunja sheria.

Tangu hapo bia nyeusi ya Kiingereza, pamoja na hiyo iliyomo kwenye kopo lako, kwa sehemu kubwa ni kimea cheupe kilichoongezwa kidogo cha kilichokaangwa. Nalisisitiza hili kwa sababu kwetu watu wengi wanaamini weusi wa bia ni nguvu yake. Imani hiyo ina chanzo: stauti, ndugu wa pota, inayouzwa Afrika Mashariki ni kali kuliko ile inayotoka bombani kule Dublin. Hata hivyo rangi haina kilevi ndani yake. Chukua maildi, bia nyeusi ya katikati ya Uingereza, iliyokuwa kinywaji cha wachimba makaa na wafua vyuma waliotoka kazini na kiu kubwa. Nguvu yake ilishushwa na masharti na kodi za Vita vya Kwanza vya Dunia, na siku hizi nyingi zina kilevi cha asilimia 3 hadi 3.5. Zipo za ukoo wa zamani, kama ile Dark Ruby ya Sarah Hughes pale Sedgley yenye asilimia 6, lakini hizo ni chache. Kwa anayeanza, maildi ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote, nikifuatisha na pota. Stauti kali aiache kwanza.

Ladha ya kimea kilichopigwa moto hutofautiana kwa jinsi moto ulivyopigwa. Kipo kinachopashwa kikiwa bado kibichi, sukari ikafanyika ndani ya ganda kisha ikaganda. Hicho ndicho huleta ladha ya tofi na zabibu kavu. Kipo kinachoitwa cha chokoleti, ingawa hakina chokoleti hata chembe: kimekaangwa kikavu kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200. Na kipo cheusi kabisa cha Wheeler, chenye ukali wa kahawa. Kabla nafaka haijaungua, kazi kubwa inafanywa na mmenyuko ambao Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912, wa sukari na protini zikikutana kwenye joto. Kina mama wanaopika busaa hawakumngoja Maillard. Donge la unga wa mahindi wanalichachusha siku kadhaa, kisha wanalikaanga juu ya bati hadi linakuwa la kahawia na harufu inaenea kijiji kizima, ndipo wanalitia majini pamoja na kimea. Ukionja busaa nzuri, halafu ukaonja maildi nzuri, utatambua undugu wao kabla hujaambiwa.

Kwa nini basi namwelekeza anayeanza kwenye nyeusi? Kwanza, bia nyeupe iko uchi. Kasoro ndogo ya joto au ya hamira iliyochoka huonekana mara moja, lakini mkaango wa bia nyeusi unaisitiri. Pili, bia nyeupe za siku hizi hutegemea harufu ya hopsi, na harufu hiyo haivumilii kuchemshwa ikawa shira na kukaa koponi. Maildi na pota hazitegemei harufu hiyo. Tatu, shira inapozeeka huzidi kuwa nyeusi na hupata ladha ya kuchakaa, jambo linaloiharibu bia nyeupe lakini huvumilika kwenye nyeusi. (Hata hivyo tazameni tarehe chini ya kopo. Kopo lililolala dukani miaka miwili halina dawa.) Nne, bia hizi hazidai jokofu la kuchachushia kama zinavyodai laga, bia za kuchachushwa baridini. Lakini mkaango hausitiri uchafu. Bia iliyoingiliwa na bakteria itakuwa siki nyeusi, basi.

Sasa nifike kwenye sukari, ambako nina ugomvi wa kweli na zile karatasi za maelekezo.

Kwa muda mrefu mtu wa Uingereza hakuruhusiwa kupika bia kwake bila leseni. Sharti hilo lililetwa na Gladstone mwaka 1880 alipoifuta kodi ya kimea na kuweka ushuru wa bia yenyewe. Mwaka 1963 Waziri wa Fedha, Reginald Maudling, aliiondoa leseni, na milango ikafunguka. Makopo yakaenea madukani, na kilichowavuta wengi ni bei. Ili bei iwe ndogo, kopo lilikuwa dogo, na karatasi ikasema: ongeza kilo moja ya sukari. Hivyo ndivyo bia ya nyumbani ilivyopata sifa mbaya ambayo wazee wa huku bado wanaikumbuka, bia nyepesi, kali, yenye ukakasi. Lawama ikaliangukia kopo. Mimi nailaza kwenye ile kilo ya sukari.

Sababu ni rahisi. Sukari ya mezani huliwa yote na hamira: karibu nusu ya uzito wake inakuwa kilevi, karibu nusu inakuwa hewa ya ukaa, na hakuna kinachobaki mdomoni. Sukari zitokazo kwenye kimea haziliwi zote. Kiasi cha robo hubaki, na hicho ndicho kinachoipa bia mwili, ule uzito wa kwenye ulimi ambao ndiyo sababu ya mtu kutaka bia ya kimea. Ukiweka kilo ya sukari kwenye kopo la maildi umepunguza kile kile ulichokinunua.

Kwa hiyo, badala ya kilo ya sukari tia kilo ya kimea cha unga, kile kikavu kinachouzwa kwenye mifuko katika maduka ya vifaa vya kupikia bia. Au tia kopo la pili la shira isiyo na hopsi. Angalia neno hilo: makopo mawili yaliyotiwa hopsi yatakupa uchungu mara mbili. Siku hizi kuna pia vifurushi vya kilo 3 za shira ambavyo havihitaji chochote cha kuongeza; ni ghali kidogo na vinastahili bei yake. Na anayetaka kuonja kazi ya kupika kweli aloweke gramu 250 za kimea kile cha tofi, kilichopondwa na kufungwa kwenye kitambaa cha shashi, ndani ya maji ya nyuzi joto 65 hadi 70 kwa nusu saa, atoe kitambaa, achemshe maji hayo dakika kumi, ayamimine kwenye pipa. Wahenga walisema mchele mmoja mapishi mbalimbali. Kopo lile lile, mezani pa watu wawili, hutoa bia mbili zisizojuana.

Usafi una hatua mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuosha, kuondoa uchafu unaoonekana. Ya pili ni kuua vijidudu kwa dawa inayouzwa kwa kazi hiyo. Dawa haifanyi kazi juu ya utando wa mafuta au mabaki ya bia ya zamani, kwa hiyo osha kwanza. Kila kitakachogusa bia baada ya kupoa kipite hatua zote mbili: pipa, kifuniko, mwiko, haidromita, mpira wa kuhamishia, hata mkasi wa kukatia pakiti ya hamira. Ukitumia dawa yenye klorini, suuza sana, kwani klorini ikikutana na vitu vilivyomo kwenye kimea huzaa harufu ya plasta na dawa za hospitali. Maji ya bomba nayo yana klorini; nusu ya kidonge cha Campden inatosha kuiondoa kwenye lita 23.

Kisha shira inapashwa ndani ya kopo kwa kulisimamisha kwenye maji ya moto ili imwagike, inayeyushwa kwa lita tatu hivi za maji yaliyochemka pamoja na kimea cha unga, na pipa linajazwa maji baridi hadi lita 23. Koroga kwa nguvu hadi povu lifure, maana hamira inahitaji oksijeni mwanzoni, na mwanzoni tu. Halafu pima joto na usome haidromita kabla ya kutia hamira.

Juu ya joto sitasema haraka. Karatasi nyingi zinaruhusu hadi nyuzi joto 27, kwa sababu bia ya moto huisha upesi na mteja hurudi dukani upesi. Hamira ya bia hizi hufanya kazi yake nzuri kati ya nyuzi 18 na 20. Juu ya hapo hutoa vilevi vizito vyenye ukali na harufu ya rangi ya kucha, na muda hauviondoi. Tena hamira inapofanya kazi hutoa joto lake yenyewe, hivyo ndani ya pipa kunaweza kuwa na nyuzi kadhaa zaidi ya chumbani. Zamani watu wa huku walishauriana kuliweka pipa kwenye kabati la kukaushia nguo karibu na tangi la maji ya moto. Msifuate. Kabati la chini ya ngazi linafaa zaidi. Gereji wakati wa baridi kali halifai, hamira italala. Kiangazi, zungushieni pipa taulo bichi.

Na ile pakiti ndogo ya hamira, yenye gramu 5 hadi 7, iliyokaa juu ya kopo katika maghala yasiyojulikana joto lake? Nunueni nyingine, gramu 11, ya hamira ya bia za Kiingereza. Katika fedha zote mtakazotumia, hizo ndizo zitakazoonekana zaidi kwenye glasi.

Baada ya siku moja povu litapanda, na kizibo cha hewa kitatoa mapovu. Baada ya siku nne au tano kitanyamaza, na hapo ndipo wengi hukimbilia chupa. Kunyamaza kwa kizibo hakuthibitishi lolote. Pima kwa haidromita, kile kile kifaa kilichowashtua matajiri wa London. Kama siku ya kwanza ilisoma 1.040, na sasa inasoma 1.012, na baada ya siku mbili bado 1.012, imekwisha, na kilevi chake ni kiasi cha asilimia 3.7. Kama inaendelea kushuka, iache. Bia isiyokwisha ikifungwa huendelea kutoa hewa, na chupa ya kioo hupasuka kwa nguvu ya kumkata mtu uso. Mara ya kwanza tumieni chupa za plastiki za soda: ukiiminya unajua imejaa hewa kiasi gani. Hapa tu ndipo sukari ina kazi ya halali, gramu 2 hivi kwa chupa ya nusu lita, ili bia ipate povu la wastani. Siku kumi na nne kwenye joto la chumbani, kisha pahali pa baridi. Bia nyeusi ya wiki sita ni nzuri kuliko ya wiki mbili. Na mkiinywa, msiigandishe. Kwetu mhudumu huuliza kama unataka ya baridi au ya moto. Maildi inataka katikati, nyuzi 10 hadi 13, kwa sababu baridi kali huua ladha ya kimea.

Swali ninaloulizwa kila ninapozungumza mambo haya ni kama bia hii inaweza kupofusha. Nalielewa, kwani tumezika watu. Vifo vya Mei 2014 nchini Kenya vilitokana na methanoli iliyokuwemo kwenye vinywaji vilivyouzwa. Shira ya kimea ikichachushwa kwa hamira haitoi methanoli ya kumdhuru mtu, na hapa hakuna kukeneka. Kukeneka nyumbani bila leseni ni kosa nchini hapa, na kuuza bia ya nyumbani, hata chupa moja kwenye sherehe, ni kosa pia. Pikeni kwa ajili ya meza zenu.

Nina ombi la mwisho, na nalitoa kwa moyo wangu wote. Atakayepika kopo lake la kwanza atajua kuuliza maswali ambayo leo hayajui: ni joto gani, ni siku ngapi, rangi ilikuwaje ilipotolewa motoni. Mpigieni simu mama, shangazi au bibi aliyewahi kupika busaa, mbege au komoni. Muulizeni anauloweka ulezi siku ngapi, anajuaje kwamba umeota vya kutosha, donge analikaanga hadi lifikie rangi ipi, anatumia kuni za mti gani. Andikeni majibu, kwa Kiswahili au kwa lugha yake mwenyewe, pamoja na jina la kijiji na mwaka. Kimea cha Waingereza kina vitabu vya tangu karne ya 18. Cha kwetu kingi kimo vichwani mwa wanawake wazee. Pigeni simu hiyo wiki hii.